Sura Iliyo Juu ya Fedha

Somo: Mathayo 22:15–22, na Luka 15:8–10

 

Juma hili twaadhimisha Sikukuu ya Jamhuri. Tarehe 12 Desemba 1963 nchi yetu ya Kenya ilipata uhuru, na tarehe kama hiyo mwaka 1964 ikawa jamhuri. Mtasikia hotuba nyingi na nyimbo nyingi. Sisi twataka dakika hizi chache tuzitumie kutazama kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Kitu hicho ni sarafu ya fedha, iliyotolewa ili watu waukumbuke uhuru wao.

Mwaka 1988, taifa lilipotimiza miaka 25 ya uhuru, ilitolewa sarafu ya kumbukumbu iliyotengenezwa kwa fedha. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili. Fedha ni yale madini meupe yang'aayo ambayo sonara huyafanyia pete na bangili. Tena fedha ni pesa za namna yoyote, hata za karatasi, hata zile tutumianazo kwa simu. Lakini siku hizi fedha hizo mbili hazikutani tena mikononi mwetu, kwa maana sarafu turudishiwazo dukani hazina fedha ndani yake. Ile ya 1988 ilikuwa fedha kwa maana zote mbili.

Walio wengi hapa kwetu hawakupata kuiona. Haikutolewa ili inunue sukari wala mafuta ya taa. Sarafu ya namna hiyo huwekwa katika kisanduku chake, nayo hutunzwa na wenye kupenda kukusanya sarafu. Tunayoikumbuka wengi wetu ni ile ya shilingi 40, iliyotolewa mwaka 2003 kwa kutimiza miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki. Hata hiyo, waliobahatika kuipata walifanya kama wale wa kwanza. Waliifunga katika kitambaa, wakaiweka chini ya sanduku.

Si vibaya kuwa na kitu cha ukumbusho. Yoshua alipowavusha Waisraeli katika mto Yordani, aliagiza yachukuliwe mawe kumi na mawili kutoka mtoni yasimamishwe, ili watoto watakapouliza maana yake wapate kujibiwa na baba zao. Habari hiyo imo katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 4. Tazameni basi: jiwe la ukumbusho lina kazi, na kazi yake ni kumfanya mtoto aulize. Hivyo na sisi tujiulize. Mtoto akiiokota sarafu ya uhuru chini ya sanduku la babu yake, akauliza, "Maana yake nini?" tutamjibu nini?

Tutamjibu kwanza kwa habari ya babu zetu. Sarafu ya fedha ya kwanza waliyoishika wengi wao ilikuwa rupia. Rupia ilitoka Bara Hindi, nayo ilitumika katika nchi hii mpaka mwaka 1920. Mwanzoni mwa karne ile ya 20 serikali ya Waingereza ilikuwa na boma lake hapa Karungu, kabla halijahamishiwa Kisii. Na serikali ile ilitaka kodi ya nyumba. Mzee alihesabiwa nyumba zake, akaambiwa alete rupia. Rupia hakuwa nayo. Alikuwa na ng'ombe, na mbuzi, na wimbi ghalani, na nyavu zake. Ilimpasa auze alichokuwa nacho, au vijana wake waende mbali kufanya kazi kwa watu wengine ili fedha ile ipatikane. Basi ilipatikana, ikakaa kiganjani siku chache, kisha ikapelekwa bomani. Kwa babu zetu hao fedha ilikuwa alama ya kwamba yuko mtu mwingine mwenye amri juu ya nyumba zao.

Baada ya rupia ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, kuanzia mwaka 1921. Mwanzoni robo yake ilikuwa fedha. Upande mmoja ilikuwa na simba na milima, na upande wa pili kichwa cha Mfalme George. Wazee waliipima kwa sauti yake walipoiangusha juu ya jiwe.

Kisha uhuru ukaja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa, na watu wakashangilia. Lakini asubuhi yake mtu alipokwenda dukani, sarafu zilizokuwa mfukoni mwake zilikuwa zile zile za jana. Kenya haikutoa fedha yake yenyewe mpaka Septemba 1966, baada ya Benki Kuu yetu kuanzishwa. Kwa muda wa karibu miaka mitatu mtu aliye huru alinunua na kuuza kwa sarafu zenye sura ya mfalme wa watu wengine. Bendera ilibadilika kwa usiku mmoja. Sarafu zilichukua muda mrefu zaidi. Na mioyo ya watu, wapendwa, ndiyo ichukuayo muda mrefu kuliko vyote.

Sasa na tuingie katika Injili. Mafarisayo pamoja na Maherode walimwendea Yesu na swali la mtego, nalo lilikuwa swali la kodi. Walitaka kujua kama ni halali kumlipa Kaisari au sivyo. Akisema ndiyo, watu walioonewa na kodi ile watamchukia. Akisema sivyo, watamshitaki kwa liwali. Bwana wetu hakuwajibu mara moja. Alitaka kwanza aonyeshwe fedha ile ya kodi, nao wakamletea dinari moja. Dinari ilikuwa sarafu ya fedha, nayo ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama tuonavyo katika mfano wa shamba la mizabibu. Akawauliza sura ile na maandishi yale ni ya nani. Wakajibu kwamba ni ya Kaisari. Ndipo akawaambia wampe Kaisari kilicho chake, na Mungu naye apewe kilicho chake.

Mara nyingi sisi huishia katika ile nusu ya kwanza. Twasema, "Naam, Mkristo alipe kodi," na ni kweli, alipe. Lakini nguvu ya neno hili imo katika nusu ya pili. Dinari ni ya Kaisari kwa sababu ina sura yake. Ni kitu gani basi kilicho na sura ya Mungu? Wale waliomsikiliza walikuwa watu waliojua Torati. Walijua kwamba katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 1, mstari wa 27, imeandikwa ya kuwa Mungu alimwumba mwanadamu kwa mfano wake mwenyewe, mwanamume na mwanamke. Kaisari ameweka sura yake juu ya fedha. Mungu ameweka sura yake juu ya mtu. Kwa hiyo Kaisari na apokee sarafu yake, lakini asimguse mtu kana kwamba ni mali yake, kwa maana mtu yule ana Mwenyewe.

Hili ndilo neno letu la leo, ndugu msikilizaji. Uhuru wa taifa ni kuondoa sura ya bwana mmoja katika fedha na kuweka nyingine. Ni jambo kubwa, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kuna uhuru ulio mkubwa zaidi, nao ni kila mtu kujua kwamba yeye mwenyewe ana chapa ya Mungu, na kwamba hapana mwanadamu aliyepewa ruhusa ya kumtumia kama sarafu.

Tusikilize habari moja ya kale. Miaka mia moja hivi baada ya Bwana wetu kupaa mbinguni, Wayahudi waliasi utawala wa Rumi chini ya mtu aitwaye Bar Kokhba. Ilikuwa mwaka 132, na vita vile vilikwisha mwaka 135 kwa kushindwa kwao. Katika miaka ile walitengeneza sarafu zao za uhuru, nyingine za fedha, zenye picha ya hekalu, au kinubi, au kichala cha zabibu, na maneno ya kutangaza uhuru wa Yerusalemu. Lakini fedha waliitoa wapi? Walizichukua sarafu za Warumi zile zile, wakazigonga upya kwa mihuri yao. Sarafu hizo zipo hata leo katika majumba ya makumbusho. Na katika baadhi yake, ukizitazama vizuri, waona jambo la ajabu: chini ya zabibu na kinubi, chini ya maneno ya uhuru, bado yaonekana mashavu ya mfalme wa Rumi, au herufi chache za jina lake. Walimpiga nyundo, lakini hakuisha.

Wapendwa, je, si hivyo tulivyo na sisi? Tumegongwa chapa ya uhuru mwaka 1963. Hata hivyo mara kwa mara sura ya yule bwana wa zamani huonekana chini yake. Huonekana karani anapomngojesha mzee wa miaka 80 juani kutwa nzima kwa sababu tu ana uwezo wa kumngojesha. Huonekana tajiri anapomwita mtu mzima "boy", na mke anapohesabiwa kuwa miongoni mwa vyombo vya nyumba. Yule bwana wa zamani aliondoka na meli yake, lakini tabia yake ya kuwaona watu wengine kuwa vitu vya kutumiwa, hiyo aliiacha, nasi tukaiokota.

Na hapa kwetu ufukoni huonekana katika jambo tulisemalo kwa uchungu. Twaomba wazazi walio na watoto wadogo karibu watusamehe, lakini jambo lililofanyika mchana halifai kufichwa kanisani.

Mwajua jinsi kazi ya samaki ilivyo. Wanaume ndio waingiao ziwani usiku na taa zao, na akina mama hungojea alfajiri na besheni zao. Mashua ikifika, wangojeao ni wengi na samaki ni wachache, na mwaka hata mwaka wazidi kupungua. Hapo ndipo ilipoingia desturi ile iitwayo jaboya. Mama aliyekuja na fedha mkononi haambiwi bei ya omena peke yake. Hudaiwa na mwili wake pia. Asipokubali, mashua yampita, naye arudi nyumbani na besheni tupu kwa watoto waliokwisha kuamka. Wengi wao ni wajane. Na kwa njia hiyo ugonjwa wa UKIMWI umepita kama moto wa nyikani. Kaunti za ziwa hili, yaani Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori, zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zilizoathirika zaidi katika Kenya nzima. Hapa Karungu ndugu zetu Wakatoliki wana hospitali ya St. Camillus, na karibu nayo makao ya watoto yatima. Anayetaka kujua bei ya jambo hili asiulize ufukoni. Na aende akawatazame watoto wale.

Sasa tuulize swali la Bwana wetu. Sura iliyo juu ya mama yule ni ya nani? Sarafu aliyo nayo mkononi yapasa kutolewa, maana ndiyo kazi ya sarafu. Imetengenezwa ili ipite kutoka mkono huu hata mkono ule, mpaka ichakae. Lakini mwili wake haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Amchukuaye kama malipo amechukua kitu kisicho cha Kaisari wala cha mwenye mashua. Amechukua kilicho cha Mungu.

Nawe ndugu mvuvi, usidhani twakuhukumu sisi tuliolala kitandani usiku ule wewe ulipokuwa unapigwa na upepo. Twajua kwamba mashua mara nyingi si yako, na wavu si wako, na mwenye mali angojea hesabu yake. Twajua wewe nawe watumiwa. Lakini huo ndio mtego wa shetani, kwamba aliyetumiwa amtafute aliye chini yake amtumie. Wewe ni mwenye sura ya Mungu hata katika mashua ya kukodi, na nguo zikiwa zimelowa. Umtazame mama yule machoni kama mtazamavyo mmoja wenu kwa mwingine, umpimie samaki wake kwa besheni ya haki, upokee fedha yake, umwache aende zake kwa heshima. Ukifanya hivyo utakuwa umeiadhimisha Jamhuri kuliko mwenye kupiga mizinga.

Wala msiseme kwamba jambo hili haliwezekani. Huko Nduru, kwenye Ghuba la Winam, akina mama walikata shauri wakasema kwamba watakuwa na mashua zao wenyewe. Walianza mwaka 2011. Mwenye mashua hangojei kuhurumiwa, maana yeye ndiye agawaye samaki. Haikuwa kazi rahisi. Mashua zilivunjika na ilibidi zitengenezwe, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalifurika yakawafukuza watu katika kijiji chao. Lakini walionyesha mwambao mzima kwamba desturi iliyoanzishwa na watu yaweza kuondolewa na watu. Makanisa na vyama vya akina mama vyenye akiba kidogo na wafikiri juu ya hilo. Huenda nusu ya mashua ni sadaka njema kuliko pazia jipya la madhabahu.

Kuna na jambo jingine ambalo fedha ya uhuru yatuonya. Hutokea wakati wa uchaguzi kwamba mtu apita usiku na noti, akiwagawia vijana na wazee ili wampe kura. Noti ile huisha kabla ya jua kutua. Lakini kilichouzwa ndicho kile ambacho sarafu ya mwaka 1988 ilitengenezwa ili tukikumbuke. Yuda naye alihesabiwa vipande thelathini vya fedha, navyo havikumfaa hata siku moja. Msiuze kwa fedha kitu ambacho watu waliteswa vizuizini ili mkipate.

Na tutazame tena sura za juu ya fedha. Ghana ilipata uhuru mwaka 1957, na mwaka uliofuata ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi kumi yenye sura ya Kwame Nkrumah, na maneno ya Kilatini yenye kusema kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa dola la Ghana. Alikuwa mtu mkubwa, na Afrika nzima yamheshimu. Lakini Februari 1966 alipinduliwa, na sarafu mpya za nchi yake zilizofuata hazikuwa na sura yake. Na kwetu Kenya sarafu zetu zimekuwa na Mzee Kenyatta, kisha Rais Moi, kisha sura zikabadilika tena, hata watu wakakubaliana jambo jipya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, yasema kwamba noti na sarafu za Kenya zisiwe na picha ya mtu yeyote. Na tarehe 11 Desemba 2018, siku moja kabla ya Jamhuri, zikatolewa sarafu mpya: shilingi moja ina twiga, shilingi tano kifaru, shilingi kumi simba, na shilingi ishirini ndovu.

Watu wengine walicheka, wakasema fedha zimekuwa mbuga ya wanyama. Sisi twaona hekima ndani yake. Taifa limekiri kwamba hapana mtu mmoja aliye mwenye nchi. Kenya imeondoa sura ya mtu katika sarafu, lakini Mungu hakuiondoa sura yake katika mtu. Wafalme hupita na marais hupita, na fedha yao huchakaa, lakini mtoto azaliwaye usiku wa leo katika nyumba ya mabati pale Sori amezaliwa na chapa ile ile aliyozaliwa nayo Adamu.

Labda yuko mmoja anayesikiliza na kusema moyoni, "Maneno hayo ni mazuri, lakini mimi chapa yangu ilikwisha kufutika. Nimepita mikono mingi mno." Mama yetu, au ndugu yetu, ni kwa ajili yako tumelichagua somo la pili la leo. Katika Injili ya Luka, mlango wa 15, Bwana Yesu asimulia habari ya mwanamke mwenye sarafu kumi za fedha, akapotewa na moja. Angalia afanyavyo. Haigombezi sarafu kwa kupotea. Hasemi kwamba tisa zinatosha. Awasha taa, achukua ufagio, afagia nyumba yote, atafuta kwa bidii mpaka aipate. Na sarafu ile pale ilipokuwa, uvunguni, gizani, katika mavumbi, ilikuwa imepoteza nini? Ilikuwa imepoteza mahali pake, lakini haikupoteza thamani yake. Ilikuwa fedha ilipokuwa mkononi mwa mwenyewe, na ilikuwa fedha ilipokuwa katika mavumbi. Kama ingalikuwa si kitu, mwanamke yule asingaliwasha taa.

Ninyi watu wa ziwa mwazijua taa. Usiku wa giza mtu akisimama katika vilima akatazama upande wa maji, aziona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa kama mji. Kila taa ni mtu anayetafuta. Hivyo ndivyo Mungu alivyo. Katika Kristo amewasha taa, ameshuka katika nyumba yetu yenye giza, naye hafagii ili atutupe nje. Afagia ili atuone.

Na akuonapo hugonga chapa yake upya. Hapa kanisani kwetu, mtoto au mtu mzima akibatizwa, kasisi humtia alama ya msalaba katika kipaji cha uso. Alama ile haionekani kwa macho baada ya maji kukauka. Lakini Paulo awaandikia Waefeso, mlango wa 1, kwamba walioamini wametiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu. Na kwa Wakolosai, mlango wa 3, asema juu ya utu wa kale uvuliwao na utu mpya ufanywao upya kwa mfano wake yeye aliyeuumba. Wale waasi wa Yerusalemu walikuwa na nyundo tu, ndiyo maana sura ya zamani ilibaki chini. Mungu ana moto. Sonara akitaka kuondoa kabisa alama ya zamani katika fedha haigongi juu juu. Huiyeyusha, ikawa kama maji, takataka zikatoka, ndipo huimimina upya. Kazi hiyo huumiza. Mtu anayeacha desturi aliyoizoea ataumia. Mvuvi atachekwa na wenzake. Mama atakosa samaki siku mbili tatu. Karani atakosa kijifedha chake cha pembeni. Lakini fedha itokayo motoni haina tena sura mbili.

Basi juma hili, wapendwa, tufanye neno moja tu. Kila mara sarafu ipitapo mkononi mwako, ukinunua chumvi au ukipewa chenji ndani ya matatu, itazame kidogo kabla ya kuitia mfukoni. Uone mnyama aliye juu yake. Kisha umtazame mtu aliyekupa, mwenye duka au utingo au mchuuzi wa samaki, ujiulize, "Na huyu je, sura iliyo juu yake ni ya nani?" Kisha umtendee kwa kadiri ya jibu lako. Tukifanya hivyo katika Karungu nzima, watoto wakija kutuuliza maana ya uhuru hatutahitaji kufungua sanduku. Watauona ufukoni na sokoni na nyumbani mwao.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba kwa mfano wako, twakushukuru kwa ajili ya uhuru wa nchi yetu, na kwa wote waliouteswa na kufa kwa ajili yake. Utusamehe kwa kila mtu tuliyemtumia kama kitu. Uwalinde akina mama wangojeao mashua alfajiri, na wanaume walio juu ya maji usiku huu. Uwe baba wa yatima na mtetezi wa wajane wetu, kama ulivyoahidi. Uwape viongozi wetu moyo wa kukumbuka kwamba nchi hii ni yako. Utuyeyushe, Bwana, hata sura ya bwana wa zamani isionekane tena ndani yetu, ila sura ya Mwana wako peke yake. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote.